Nyongeza Inayofunga Mlango

Sokoni Butihinda, kaskazini mwa Burundi, kila mtu anaujua mkono wa Jeska. Akipima maharagwe kwa kopo, hulijaza mpaka likaota kichuguu, halafu hulisawazisha kwa kiganja, halafu huchota tena kwa vidole vitatu na kumwagia mteja juu ya kipimo. Hiyo ndiyo nyongeza. Ni punje thelathini au arobaini tu, lakini mteja huondoka akijiona mshindi, na wiki inayofuata hurudi na shemeji yake. Wauzaji wenzake hupima kwa haki, wakabaki na magunia yao. Jeska hukikunja kiganja kidogo wakati wa kusawazisha, akapunguza, kisha hukirudisha kile alichokipunguza kama zawadi. Watu humwita mkarimu, naye hajawahi kuwakatalia.

Biashara hiyo hakufundishwa na mtu. Alivuka mpaka wakikimbia vita akiwa na miaka minane, ameshika pindo la kitenge cha mama yake, akakulia kambini Tanzania, upande wa Kibondo. Huko kila familia ilipewa mgao sawa, na hakuna familia mbili zilizokuwa na shida sawa. Basi Jeska akawa anabadilisha. Mahindi kwa sabuni, sabuni kwa ndagala, wale dagaa wakavu, ndagala kwa kandambili. Akajifunza jambo moja lililomtosha miaka thelathini: mkono uliofungwa haufunguki kwa kuombwa, hufunguka kwa kuongezewa.

Waliporudi Burundi alikuta shamba la baba yake lina mtu. Wengine walikwenda kwenye mabaraza ya ardhi, wakazeekea kwenye mabenchi. Jeska alimpelekea yule mtu mbuzi na kumwachia mavuno ya msimu mmoja. Mtu akahama, tena akamwachia mti wa parachichi alioupanda mwenyewe. Hata mume alimpata hivyohivyo. Nazario, fundi wa kuezeka mabati, mrejeaji kama yeye, alikuja kununua kopo moja akaongezewa mara mbili. Kesho yake alirudi kuuliza kosa lilikuwa la nani.

Mwaka jana, mwezi wa sita, Nazario aliteleza kwenye paa la nyumba ya mtu kule Buhinyuza. Mguu ukavunjika mahali pawili chini ya goti. Hospitalini Muyinga wakamfunga plasta, wakamwambia alale wiki nane, wakamwandikia karatasi: kidonge cha kalsiamu, kimoja kwa siku, na kichupa cha vitamini ya mifupa, kimoja tu kwa msimu mzima.

Jeska anajua kusoma. Aliliona lile neno "kimoja" akalielewa kama bei ya kwanza anayoitaja muuzaji: mahali pa kuanzia.

Alikwenda mjini Muyinga kwa Fatehali, mzee wa Kihindi aliyezaliwa humohumo mjini, ambaye duka lake linauza misumari upande mmoja na dawa upande wa pili. Wawili hao, ambao huitana kwa majina ya watoto wao, wamevutana miaka kumi na tano na hakuna aliyemchoka mwenzake.

"Baba Rahil, nachukua boksi nne za kalsiamu. Unaniongezea nini?"

"Nakuongezea dua."

"Dua ninayo, tena ya Kikristo. Niongezee kitu chenye kizibo."

"Mama Happy, wewe hata mtoa roho akija utamwambia akuongezee siku mbili."

"Wiki mbili. Siku mbili ni za watoto."

Fatehali alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Akainama chini ya meza, akaibuka na boksi dogo la vichupa kumi na viwili vya kioo, kila kimoja kama kidole cha mwisho, vya kuvunjwa shingo na kunywewa. "Hivi ndivyo vitamini yenyewe. Muda wake unaisha mwezi wa kumi, chukua kabla sijatupa. Lakini sikiliza, kimoja kinakaa mwilini muda mrefu, eh? Usimnyweshe kama soda."

Jeska alisikia. Lakini maneno ya muuzaji baada ya bei kukatwa husikilizwa kama redio ya jirani. Alitoka dukani na boksi kwapani, amenunua nne kapata tano, na njia nzima mpaka Butihinda moyo wake ulikuwa mwepesi.

Nazario akaanza kulishwa. Vidonge viwili asubuhi, viwili jioni. Kichupa kila Jumapili baada ya misa. Na kwa kuwa kwao hakuna anayekwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, na kwa kuwa kila mtu anajua mfupa unataka nini, kila aliyepita alileta maziwa na ndagala. Nazario alikunywa, alitafuna, alishukuru.

"Jeska," alisema siku moja, "mguu ni mmoja. Hizi unazoniletea ni bati za nyumba nzima."

"Kunywa. Huezeki wewe sasa, unaezekwa."

Wiki ya nne akaanza kuona kiu. Alimaliza dumu la maji kwa siku na kulikojoa lote. Choo kikubwa kikakataa. Chakula kikamchukiza. Akawa mchovu, mtu wa kusinzia katikati ya sentensi, na alipoamka alitaja majina ya mafundi waliokufa kambini. Jeska alimtazama akaona jambo moja tu: nguvu zinapungua. Na kinachopungua huongezewa. Kichupa kikawa cha kila siku ya nne.

Wiki ya nane plasta ilipokatwa, mguu ulikuwa umeunga vizuri, lakini mwenye mguu hakuweza kuketi. Vipimo vya Muyinga vikaonyesha figo zimechoka. Wakamwandikia aende Gitega, kwa daktari anayejua figo. Walimlaza kwenye pikapu juu ya magunia matupu ya Jeska, wakapita njia ya Karuzi, naye akiomba maji kila penye kona.

Daktari aliitwa Crispin, kijana mwembamba wa hapohapo Gitega, mwenye sauti ya chini kuliko cheo chake. Alitazama karatasi ya damu, akamtazama Jeska.

"Mama, iko dawa ingine alikuwa anakunywa?"

Jeska akafungua mfuko. Yeye hatupi kitu. Akapanga mezani boksi za vidonge na vichupa vitupu, kimoja kimoja, kama mtu anayeonyesha kazi yake. Daktari alivihesabu. Akavihesabu tena.

"Kumi na kimoja. Boksi ni ya kumi na mbili. Ingine iko wapi?"

"Ninacho hapa. Nilitaka nimpe leo."

Daktari alikichukua mkononi mwake taratibu, akakitia katika mfuko wa koti lake jeupe. Halafu akamwombea Jeska kiti.

"Bon. Kalsiamu ya damu imepanda sana, ndiyo imempiga figo. We ulitaka kumsaidia, mi naelewa."

"Kama ni nyingi, figo si ndiyo kazi yake kuitoa? Mbona haijitetei?"

Daktari alipasua boksi tupu la vidonge, akaanza kuchora kwa kalamu upande wa ndani.

"Mwilini iko seli nyingi zenye zinabeba kitu, zinangoja kuambiwa toa. Kalsiamu ikiingia ndani, zinatoa. Kongosho inatoa insulini. Neva zinatoa ujumbe wao. Kalsiamu kidogo, zinatoa kidogo. Nyingi, zinatoa mingi."

"Kama wateja," alisema Jeska.

"Voilà. Lakini kwenye figo iko seli chache, zinakaa mlangoni mwa mshipa mdogo wenye unaleta damu. Hizo zinabeba kimeng'enya, jina yake renini. Mtu akikauka, presha ikishuka, zinaachilia renini. Renini inaamsha homoni moja, hiyo inaamsha ingine, mwili unashika chumvi, unashika maji, presha inapanda. Ni kama mlinzi wa kupiga kengele."

"Na kalsiamu ikiingia kwa huyo mlinzi?"

"Anafunga."

"Anafunga nini?"

"Anafunga mlango. Huko ni kinyume. Ikiwa nyingi, hatoi. Sisi wenyewe tulifundishwa hiyo shuleni, tukadhani profesa amekosea." Alichora mstari juu ya kile kimlango. "Mzee wako amekauka. Kalsiamu yenyewe ndiyo imefukuza maji kupitia figo. Sasa figo ilitakiwa kupiga kengele kwa nguvu yote, na kalsiamu ileile imeiwekea mkono mdomoni. Haiizimi kabisa, lakini sauti imekuwa ndogo."

Jeska alikitazama kile kipande cha boksi. Ameshughulika na wagumu wengi: wanajeshi wa vizuizini, wenye malori, mama mkwe. Wote walikuwa na mahali pa kufungukia. Hakuwahi kusikia mlango unaojibana zaidi kila unapoupa.

"Basi nimpe nini kitakachoitoa?"

"Usimpe kitu. Serumu itatusaidia." Alionyesha chupa ya maji ya chumvi iliyoning'inia juu ya kitanda. "Ile vitamini iko ndani ya mafuta ya mwili, itatoka polepole. Wiki. Pengine miezi. Maziwa, hapana. Ndagala, hapana. Vidonge, hapana."

"Hata kidogo?"

"Mama. Hata kidogo."

Kazi iliyobaki ilikuwa moja. Kila alichokojoa Nazario kiingie katika chupa ya plastiki yenye mistari, na asubuhi muuguzi Anisia aandike. Serumu ya kesho, walimwambia, inapimwa kwa mkojo wa leo. Kalsiamu ikishuka na mkojo ukaendelea kutoka, watabaki Gitega. Mkojo ukikauka, ni Bujumbura, kwenye mashine ya kusafisha damu. Jeska anawajua watu watatu wa Butihinda waliopelekwa kwenye mashine. Wote watatu walirudi ndani ya sanduku.

Siku ya pili akaja Theodosia. Huyu ni dada mkubwa wa Nazario, ameolewa Giheta, ana ng'ombe wawili na sauti ya kutosha ng'ombe kumi. Aliingia na kibuyu cha maziwa kilichofungwa kwa jani la mgomba.

"Wifi, maziwa hayaingii humu," Jeska alisema mlangoni.

"Hayaingii wapi?"

"Kwa mgonjwa. Daktari amekataza."

"Daktari alinyonya nini alipozaliwa, Fanta?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Theodosia hakucheka. Maziwa ya wifi hayakataliwi. Anayekataa huwa ametangaza ugomvi ambao wajukuu wataukuta.

"Wifi, kosa ni langu. Nilimpa mengi ya namna hiyo."

"Wewe? Umpe mengi?" Theodosia aligeukia vitanda kama anayeita mashahidi. "Huyu! Anayehesabu punje! Leo mume hawezi kuketi ndiyo umemjazia? Sema umemchoka, tumchukue kwetu."

Jeska hakuwa na cha kumpa. Alichokuwa nacho ni kukataa tu, na kukataa hakuna nyongeza. Theodosia akakiweka kibuyu chini, katikati ya mlango, akaondoka. Kikakaa pale mpaka mfagiaji akakiondoa. Kesho yake akaleta kingine, na keshokutwa kingine, kila kimoja kikikataliwa mbele ya watu.

Siku tatu za kwanza chupa ilijaa vizuri. Kalsiamu ikashuka kidogo, Nazario akamtambua mkewe, akauliza kama mvua imeanza kule nyumbani. Siku ya nne mkojo ukapungua. Siku ya tano asubuhi Jeska aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaona haikufika hata nusu.

Jagi la maji lilikuwa sakafuni.

Hakukaa akafikiri. Mkono ulikuwa umefanya kazi hiyo miaka thelathini, ukaifanya. Maji kidogo tu, vidole vitatu, mpaka mstari ukapendeza. Anisia akaandika, hata akasifu. Siku ya sita akaongeza tena, safari hii zaidi kidogo, kwa kuwa palikuwa na pengo kubwa la kuziba.

Serumu ikaendelea kushuka tone kwa tone, kwa kipimo cha ile chupa. Siku ya saba miguu ya Nazario ikavimba, na ule mzima na ule uliovunjika, ikawa sawa kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Akaanza kupumua kwa kifua cha juu, kama mtu aliyebeba gunia kilimani.

Anisia, mama wa makamo asiyependa mchezo, aliichukua chupa ya asubuhi hiyo, nayo ikiwa imeongezwa, akaitikisa, akainusa.

"Mkojo huu nani ameuosha?"

Jeska aliinama akanyoosha shuka la mgonjwa.

"Mama Happy, mi nakuuliza. Unatupimia ao unatuuzia?"

Kicheko hakikutoka kitanda chochote. Jeska alisema ukweli, kwa maneno machache, akitazama jagi.

"Ee Mungu wangu! Docteur anamwekea maji kwa kufuata hii chupa! Unajua yameenda wapi? Yako kwenye mapafu ya mzee wako!"

Anisia alikimbia kumwita daktari. Daktari Crispin alikuja, akaifunga serumu kwa mkono wake mwenyewe, akamchoma Nazario sindano ya kutoa maji, akamwinua kwa mito. Hakugomba. Angegomba, Jeska angejua pa kushika, kwa maana mtu anayegomba ana bei yake. Aliandika tu, akafuta mistari miwili kwenye karatasi, ya siku ya tano na ya sita.

"Mama," alisema, "nipe ile yenye iko. Mbaya, nzuri, nipe ile yenye iko. Bila hiyo mi niko kipofu."

"Nilidhani ukiona kidogo utampeleka kwenye mashine."

"Nitampeleka. Hiyo ndiyo kazi ya kuona."

Siku nzima Jeska alikaa kwenye kile kiti. Alimpepea mumewe, akaacha, kwa kuwa hakujua kama kupepea nako ni kuongeza. Mara mbili aliinuka kwenda mahali, akakuta hana pa kwenda, akaketi. Nazario alipata pumzi kidogo kidogo. Alipoomba maziwa, akamnyima. Alipoomba maji, akampa vijiko vile alivyoandikiwa, vitano, akakirudisha kijiko kwenye kikombe mbele ya macho yake.

"Umekuwa bahili," alisema Nazario.

"Nimekuwa."

Siku ya nane kukapambazuka kweupe, upepo wa kiangazi ukipiga vumbi kwenye vioo. Jeska aliinua chupa. Mstari wa robo lita ulikuwa juu, mkojo chini, wa rangi ya chai iliyolala. Jagi lilikuwa palepale. Alilitazama. Kisha akaichukua chupa kwa mikono miwili, kama anayebeba kitu kinachomwagika kirahisi, akapita katikati ya vitanda mpaka mezani kwa Anisia.

"Robo haijafika. Pungufu ya vidole viwili."

Anisia aliinusa, akamtazama usoni.

"Ndiyo hivyo kweli?"

"Ndivyo ulivyo."

Akaandika.

Saa nne daktari alipita. Alhamisi, alisema, gari litampeleka Bujumbura. Mashine itafanya kazi ya figo kwa muda, huku ile vitamini ikitoka, tuone kama figo zitaamka.

"Zitaamka?"

"Sijui, mama."

Jeska alisubiri. Kila muuzaji akisema sijui huwa ana neno jingine nyuma ya meza, ukivumilia atalitoa. Lakini daktari alikuwa ameshafika kitanda cha pili, anamshika mtu mwingine mkono.

Nazario alikuwa macho.

"Chupa imefika wapi leo?"

"Chini ya robo."

"Umeongeza?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akafumba macho. "Basi mambo ni mabaya kweli," alisema, na pembe ya mdomo ikamcheza kidogo, kama zamani alipokuwa juu ya paa akimwona anapita chini na kikapu.

Mchana Theodosia alikuja kutoka Giheta. Anisia alikuwa amemweleza yote jana yake, getini, kwa Kirundi na kwa muda mrefu. Safari hii hakubeba kibuyu. Alisimama mlangoni akiwa hajui mikono aiweke wapi, akaipangusa kwenye kitenge ingawa ilikuwa mikavu. Jeska akamsogezea nafasi ukingoni mwa kitanda. Wakaketi, mmoja upande huu, mwingine upande ule, na mgonjwa katikati, mikono yao mapajani, wakiingoja Alhamisi.